Kabla hujamzomea refa, jua alivyolala jana usiku

JUMAPILI hii ukifika uwanjani mapema, kabla spika hazijaunganishwa na mama wa chapati hajawasha jiko, mtafute refa. Hutahangaika kumtambua. Ni yule msee aliyevaa jaketi juu ya jezi nyeusi ilhali jua linachoma, amekaa pekee yake kwenye jiwe, anafunga kamba za viatu kwa mara ya nne. Simu iko mkononi lakini hasomi chochote. Tangu afike ameenda msalani mara mbili, na choo chenyewe ni cha kulipia Sh10, kwa hivyo ujue haendi huko kupiga stori.

Huyo ndiye utakayemwita mwizi saa moja baadaye.

Tunajua unachowaza. Umewaona marefa wa mtaani. Umemwona aliyefika kipindi cha pili kikikaribia, umemwona asiyejua kuotea ni nini, na umesikia ya yule aliyepewa "chai" nyuma ya kibanda kabla ya fainali. Hatutakudanganya kwamba hao hawapo. Wapo, na anayeuza mechi za vijana hafai kushika hata kibendera. Ila leo tunataka kuzungumza nawe kuhusu wale wengine, ambao safu hii inaamini ndio wengi: vijana wa rika lako waliosomea kozi ya urefa kwa pesa zao wenyewe, wanaoshinda wiki nzima kwa mjengo, dukani au chuoni, halafu wikendi wanavaa nyeusi kwa sababu wanapenda mpira na miguu yao haikuwajalia kuucheza vizuri.

Tumbo joto la refa halianzi Jumapili. Huanza Ijumaa jioni, ujumbe unapoingia kwenye simu: "Gemu ya saa tisa, wewe utashika katikati." Akishasoma majina ya timu mbili, kichwa kinaanza kufanya hesabu ambazo hakuna kozi inayofunza. Walipokutana mara ya mwisho nini kilitokea? Nahodha wao bado ni yule wa mdomo? Uwanja uko upande gani wa barabara, na boda inaweza kuegeshwa karibu na goli lipi? Usiku wa Jumamosi analala vipande vipande. Asubuhi chai haishuki. Anakagua mkoba: vipenga viwili, maana kimoja kinaweza kugoma, saa, kalamu, sarafu ya kurusha, kadi. Anafunga mkoba. Anaufungua tena kuhakikisha kadi ziko.

Wataalamu wa mwili wana maelezo ya hayo yote, na si ya kutatanisha. Ukiona hatari mbele, mwili humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Moyo unaenda mbio, jasho linatoka viganjani, mate yanakauka, damu inaondoka tumboni na kukimbilia misuli ya miguu ili uweze kupigana au kutoroka. Ndiyo maana tumbo linanguruma na choo kinaita. Mwili haujui tofauti kati ya simba na mashabiki wa timu ya mtaa wa pili.

Sasa, woga wenyewe si lazima uwe mbaya. Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walichapisha majaribio waliyowafanyia panya, na waliowafuata wakayajenga kuwa kanuni ambayo karibu kila kocha anaijua hata kama hajui majina hayo: presha kidogo huamsha akili, presha ikizidi huivuruga. Refa asiyehisi chochote kabla ya mechi huyo ndiye wa kuogopwa, kwa sababu ama amechoka au ameshakubaliana na mtu matokeo. Na kuna utafiti wa karibuni zaidi, wa Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa 2014, ambao marefa wengi wachanga wangefaidika nao. Aliwapa watu kazi za kutia tumbo joto, kama vile kuimba karaoke, kuhutubu na kufanya hesabu. Waliojiambia kwamba wana hamu na msisimko walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Kumbe kumwambia mtu "tulia, tulia" ni kumpa kazi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kwa hivyo refa anaweza kujisaidia. Apashe misuli moto hata kama wachezaji wanamcheka. Aketi na wasaidizi wake wawili wakubaliane nani ataangalia nini, hasa krosi na kona. Akague uwanja mapema. Sheria za soka zinampa mamlaka ya kuadhibu tangu anapoingia kiwanjani kwa ukaguzi huo hadi anapotoka baada ya mechi, na ule mzunguko wa kukagua mashimo, vigae vya chupa na nyavu ndio unaomrudisha mwilini mwake. Hiyo presha ni yake, ya kazi, na akiizoea inamfaa.

Lakini kuna presha nyingine, na hii si yake. Ni yetu. Tunamfungia kwenye mkoba bila yeye kujua.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kuibeba, mara moja tu. Ilikuwa dimba la mwisho wa mwaka katika mtaa mmoja wa Eastlands. Timu zilikuwa zimechanga pesa, kombe liko mezani limefunikwa kwa leso, na refa aliyepangwa hakutokea. Simu yake ilikuwa imezimwa. Wakati huo nilimlaani, sasa namwelewa. Waandalizi wakaangaza macho wakaniona mimi, ambaye kwa miaka nilikuwa nimesimama kando ya uwanja nikifundisha marefa kazi yao kwa sauti kubwa. "Wewe si unajua sheria? Shika."

Nilipewa jezi iliyonibana na dakika 20 za kujiandaa. Nilizunguka uwanja mara tatu nikijifanya nakagua nyavu. Nyavu hazikuwepo. Nilijaribu kipenga kikalia kama kifaranga, kwa sababu mdomo ulikuwa mkavu kama karatasi. Mmoja wa waliopewa vibendera alikuwa mchezaji wa akiba wa timu ya nyumbani. Halafu akaja kijana mmoja, mpole kabisa, na soda mkononi. Akanisalimia kwa heshima, akanipa ile soda, akaniuliza: "Refa, sisi tunakaa hapa. Wewe unakaa wapi?"

Hakuongeza neno. Aliniacha nimesimama na soda yake.

Kipindi cha pili, bao zikiwa sare, beki wa nyumbani alinyoosha mkono ndani ya boksi akausukuma mpira kama mtu wa voliboli. Niliona. Nilikuwa hatua nane, hakuna aliyenikinga. Kipenga kilikuwa mdomoni tayari na pumzi ipo. Sikupuliza. Mpira ukapigwa mbele, likaja bao upande wa pili, watu wakajaa uwanjani wakicheza. Wageni walinizunguka wakinipigia kelele, nami nikasema lile neno ambalo kila refa mwoga husema: "Sikuona." Kipa wao, mtoto wa kama miaka 16, hakunizunguka. Alibaki kwenye goli lake akinitazama tu.

Baada ya mechi wenyeji walinipiga mgongoni. "Refa safi sana huyu." Nikalipwa Sh500. Hakuna aliyenihonga siku ile na hakuna aliyenigusa. Lakini mechi iliibwa, na mwizi alikuwa mimi, na aliyeniazima mikono ni yule kijana wa soda pamoja na wote waliosimama mstarini wakijua anachofanya.

Labda utasema huo ni uoga wa mtu mmoja asiye na mafunzo. Haya, sikiliza. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Alan Nevill walichapisha jaribio lililofanyiwa marefa 40 waliofuzu. Waliwaonyesha kwenye video matukio 47 ya mechi moja ya Ligi Kuu ya Uingereza, wengine wakisikia kelele za mashabiki na wengine wakitazama kimya. Waliosikia kelele waliipa timu ya nyumbani madhambi machache, pungufu kwa asilimia 15.5, kuliko waliotazama kimya. Kumbuka walikuwa wamekaa chumbani wakitazama kioo! Hakuna aliyewatishia, hakuna aliyewauliza wanakaa wapi, hakuna boda ya kutorokea. Kelele tu za kurekodiwa zilitosha kuyumbisha macho ya watu waliosomea kazi. Sasa wewe na wenzako mnasimama hatua mbili kutoka mstarini, bila ua, bila kamba, na mnamjua jina.

Hapo ndipo refa wa ridhaa anapotofautiana na yule unayemwona kwenye runinga. Wa runinga ana chumba cha kubadilishia nguo, ana njia yake ya kuingilia, ana polisi, ana VAR ya kumsahihisha, na jioni anapanda ndege. Wa kwetu anabadilisha nguo nyuma ya kibanda cha M-Pesa. Anaingilia mlango ule ule mnaoingilia. Kesho yake atakukuta kwa kinyozi, kwenye matatu, kanisani au msikitini, na mama yake ananunua sukuma kwa mama yako. Anapoketi kwenye lile jiwe kabla ya mechi hafikirii sheria ya kuotea. Anafikiria Jumatatu.

Kwa dada zetu wanaoshika kipenga, ongeza mengine. Kabla hata mpira haujawekwa katikati wameshasikia maneno kuhusu kaptura yao, jiko lao na nani amewaoa. Watu wanasahau kwamba Januari 2022, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Cameroon, jirani yetu Salima Mukansanga wa Rwanda ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa katikati katika fainali hizo za wanaume, mechi ya Zimbabwe na Guinea. Mwaka huo huo akawa miongoni mwa wanawake watatu walioteuliwa marefa wa katikati kwa Kombe la Dunia la Qatar. Naye hakuanzia Qatar. Kila refa wa kiwango hicho ameanzia kwenye uwanja wa vumbi ambapo mtu fulani alimtukana, na sisi hatutawahi kujua ni wangapi waliokuwa na kipaji kama chake ambao mechi yao ya tatu ilikuwa ya mwisho.

Usidhani haya ni ya Kenya pekee. Desemba 2012, mjini Almere nchini Uholanzi, baba mmoja aliyejitolea kushika kibendera katika mechi ya vijana, mechi aliyochezea mwanawe, alipigwa na wachezaji wa timu pinzani na akafa kesho yake. Vijana, si majambazi. Uingereza, mwaka 2023, chama cha soka kilianza kuwafunga marefa wa ligi za mashinani kamera kifuani, wakianzia eneo la Middlesbrough, kwa sababu matusi na vipigo vilikuwa vimezidi. Ukifika mahali refa wa watoto anavaa kamera kama askari, kuna kitu kimeoza. Sisi hatuna pesa za kamera, na kusema kweli hatuzihitaji. Tuna vitu vya bei rahisi zaidi ambavyo hatujavijaribu kwa dhati.

Cha kwanza ni malipo. Waandalizi, mlipeni refa kabla ya mechi kuanza. Inaonekana ni jambo dogo, lakini fikiria mtu anayejua kwamba pesa yake ya supper iko mfukoni mwa meneja wa timu ya nyumbani, na kwamba akitoa penalti ya dakika ya 88 itabidi amfuate huyo meneja gizani. Tunamtia majaribuni halafu tunamshangaa.

Pili, tuige kitu ambacho tayari kiko kwenye sheria. Tangu Julai 2024, bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka, IFAB, imetoa mwongozo unaoruhusu mashindano kuamua kwamba nahodha pekee ndiye anayeweza kumwendea refa kuuliza uamuzi. Wengine wakae mbali. Anayesogea anaonja kadi ya njano. Na kwa soka ya mashinani na ya vijana, sheria zinaruhusu mchezaji atolewe nje kwa muda kisha arudi. Uingereza ligi za chini zimekuwa zikiwatoa wanaomropokea refa kwa dakika 10 tangu msimu wa 2019/20. Dakika 10 nje, timu yako ikiwa na watu 10, na wenzako wakikuangalia vibaya: hilo linafundisha kuliko faini ambayo hakuna anayeilipa. Vyote viwili havihitaji mashine wala wafadhili. Vinahitaji mkutano wa nusu saa kabla ya dimba, manahodha wote wakiwepo, na karatasi ya kutia saini.

Tatu, jedwali. Pale Mathare, shirika la MYSA lililoanzishwa 1987 liliwahi kufanya jambo ambalo dunia ililishangaa: timu ilipata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, pointi sita kwa kazi moja ya usafi, mara mbili ya ushindi wa mechi. Watoto wakabeba taka ili wapande jedwali. Kama pointi ziliweza kufagia mitaro, zitashindwaje kufunga mdomo? Tia safu moja kwenye jedwali, ya nidhamu kwa refa, na ihesabu mashabiki pia. Timu ambayo watu wake wameingia uwanjani kumtishia ipoteze pointi tatu, iwe imeshinda au imeshindwa. Utaona wachezaji wenyewe wakiwanyamazisha mashabiki wao.

Kuna watakaosema tunataka kuua utamu wa gemu. La. Kelele ni sehemu ya mpira wa mtaa, na anayetaka ukimya aende akatazame chesi. Uwanja wa Umeme kule Ziwani wakati wa Koth Biro, ngoma zikilia na watu wamepanda hadi juu ya mapaa, huwezi kutaka uwe kama maktaba. Imba, piga vuvuzela, mtanie refa kuhusu kitambi chake, mwambie anunue miwani. Yeye mwenyewe atacheka akifika nyumbani. Tunachozungumzia ni kitu kingine, na wewe unajua mpaka uko wapi. Ni siku ile mtu anapoacha kumwambia refa kwamba amekosea na kuanza kumwambia atakavyofika nyumbani.

Na wewe ambaye huchezi wala huandai, unayekuja tu na marafiki na kununua mahindi, hauko nje ya hesabu hii. Yule kijana wa soda alikuja kwangu mbele ya watu. Kama watatu tu wangemwambia, "Buda, achana na refa," nadhani ningepuliza. Sina uhakika, lakini nadhani. Sauti moja ya mwenyeji ina uzito kuliko chama chote cha marefa, kwa sababu mwenyeji ndiye refa atakayekutana naye Jumatatu.

Nimemwona yule kipa mara mbili tangu siku ile. Ni mtu mzima sasa, anaendesha tuk-tuk. Mara ya kwanza nilivuka barabara nisimkute uso kwa uso. Mara ya pili alinibeba hadi steji bila kunitambua, au labda alinitambua akaamua kunyamaza. Nilimlipa, nikamwambia abaki na chenji, nikashuka.

Sijawahi kushika kipenga tena, lakini siku hizi nafika mapema. Namtafuta refa nilikokuambia, kwenye jiwe, nampa mkono na kumwonyesha nilipokaa. Mechi ya kwanza Jumapili hii ni saa saba. Fika saa sita na nusu, atakuwa anafunga viatu.